VLAN na Uanachama wa Poti: Kutenga Mitandao Ndani ya Swichi Moja

Swichi mpya ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta kwa nyaya, inapowashwa kwa mara ya kwanza, poti zake zote (matundu ya kuchomeka kebo) huwa katika VLAN namba 1, yaani mtandao mmoja wa ndani, na kila kifaa kinachochomekwa humo hupokea matangazo (ujumbe unaotumwa kwa wote) ya vifaa vingine vyote. Katika ofisi yenye kompyuta tano hilo si tatizo kubwa. Katika zahanati au shule, ambako kompyuta ya mhasibu, kamera za ulinzi na Wi-Fi ya wageni vyote vimeunganishwa kwenye swichi hiyo hiyo, maana yake ni kwamba mgeni aliyekaa kwenye benchi la mapokezi na simu yake yumo katika mtandao mmoja na hesabu za taasisi. Hali hiyo tunaikuta mara nyingi mno, na kuirekebisha hakuhitaji swichi ya pili, ilimradi iliyopo iwe ya aina inayokubali kusanidiwa.

VLAN ni mtandao wa ndani unaotengwa kwa mipangilio badala ya kutengwa kwa nyaya. Kila VLAN hupewa namba kati ya 1 na 4094, kwa kufuata kiwango cha IEEE 802.1Q kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Kiwango hicho kinaeleza namna fremu ya data, yaani kifurushi kimoja cha data inayosafiri, inavyoongezewa baiti 4, yaani tagi, ambamo namba ya VLAN huandikwa. Kwa kawaida kompyuta na printa hutuma fremu zisizo na tagi, hivyo ni juu ya swichi kuamua fremu hiyo ni ya VLAN ipi.

Jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu ni kwamba uanachama wa poti una pande mbili. Kwa data inayotoka, poti huwa mwanachama wa VLAN fulani bila tagi (fremu hutoka bila tagi), mwanachama mwenye tagi (fremu hutoka na tagi yake), au si mwanachama kabisa. Kwa data inayoingia, poti ina namba iitwayo PVID, ambayo ndiyo VLAN inayopewa kila fremu iliyofika bila tagi. Katika swichi nyingi ndogo zinazosanidiwa kwa kivinjari, mambo haya yako katika kurasa mbili tofauti, na kubadilisha moja hakubadilishi la pili.

Niliwahi kuitwa kwenye zahanati moja yenye swichi ya poti 24, ambako poti 1 hadi 8 zilikusudiwa kuwa za uhasibu katika VLAN 10, poti 9 hadi 16 za mapokezi katika VLAN 20, na poti 24 ilielekea kwenye ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao. Poti 9 ilikuwa imeondolewa VLAN 1 na kuingizwa VLAN 20 bila tagi, sawasawa kabisa, lakini PVID yake ilibaki 1. Kompyuta ya mapokezi ikawa inaonyesha anwani inayoanza na 169.254, dalili kwamba imeomba anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao, na haikujibiwa, kwa kuwa ombi lake lilikuwa likiingia VLAN 1, ambamo poti hiyo haikuruhusiwa kupokea jibu. Kebo ilikuwa imebadilishwa mara mbili bila sababu. Tulipoandika 20 kwenye PVID, anwani ilipatikana.

Poti 24 ni habari nyingine. Hiyo hubeba VLAN zote mbili, kwa hiyo lazima iwe mwanachama mwenye tagi wa 10 na wa 20, na ruta nayo isanidiwe kuzitambua namba hizo hizo, kila moja na safu yake ya anwani, kwa mfano 192.168.10.0/24 na 192.168.20.0/24. Hapa naomba msomaji awe makini sana: ruta nyingi, bila kuambiwa, hupitisha data kati ya VLAN hizo mpaka uweke kanuni za faiawoli (ulinzi unaochuja data) za kuzuia, hivyo kazi yote ya kutenga poti yaweza kubatilishwa na ruta iliyoachwa wazi.

Poti unayoitumia wewe mwenyewe kuisanidi swichi ibadilishe mwisho, usije ukajifungia nje. Kisha hifadhi mipangilio, kwa sababu katika swichi nyingi mabadiliko yasiyohifadhiwa hupotea umeme unapokatika.