Mayai hayatungi usaha: dhana potofu kuhusu chakula na kidonda

Mtu akitoka kupasuliwa, wanaokuja kumjulia hali huja na orodha ya makatazo. Nyingi hazina msingi, na moja inamdhuru kabisa.

Dhana: Mayai, samaki na maharagwe hutungisha kidonda usaha

Usaha ni chembe nyeupe za damu zilizokufa, bakteria na tishu zilizoharibika. Huletwa na vijidudu vilivyoingia kidondani, si na kilichopita kooni. Dhana hii inaniudhi kuliko zote kwa sababu inamnyima mgonjwa kile hasa anachokihitaji. Nyama mpya inayojaza kidonda hujengwa kwa protini, na kidonda kikubwa hupoteza protini zaidi kupitia majimaji yanayolowesha bandeji. Kwa mwenye kidonda cha kulalia (kinachotokana na kulala muda mrefu bila kugeuka), miongozo ya lishe hupendekeza gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 75 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva 15. Piga hesabu mwenyewe, uone yai la asubuhi linafika wapi.

(Mwenye mzio wa chakula fulani akiepuke, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.)

Dhana: Supu nyepesi inatosha

Inashuka kirahisi na inaongeza maji mwilini, lakini protini yake ni kidogo. Mnofu ndio wenye kazi, na mara nyingi mgonjwa hunyweshwa supu huku nyama wakila wauguzaji! Wanga na mafuta navyo visikosekane, maana mwili ukikosa nguvu huichoma protini kama kuni.

Dhana: Vidonge vya vitamini C na zinki, vikizidi ndiyo vizuri

Mwaka 1939, John Crandon, daktari wa upasuaji huko Boston, Marekani, alianza kula chakula kisicho na vitamini C ili aone mwili wake utafanyaje. Alipochanjwa kwa kisu mgongoni baada ya miezi mitatu, kidonda kilipona kama kawaida. Alipochanjwa tena mwezi wa sita, ndani hakikushika mpaka alipopewa vitamini C. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kusuka kolajeni imara, zile nyuzi zinazoshikilia kovu. Lakini angalia ilivyochukua miezi. Anayekula matunda na mboga kila siku hana pengo la kuzibwa kwa vidonge, na ziada huishia kwenye mkojo. Zinki ndiyo ya kuchunga zaidi: ikipita miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, huzuia mwili kufyonza shaba, madini mengine ambayo mwili huyahitaji.

Dhana: Mwenye kisukari ashinde njaa ili kidonda kikauke

Ni kweli sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu, zinazopambana na vijidudu, hulegea. Lakini sukari hushushwa kwa dawa na kwa kupanga mlo. Anayechoma insulini akikaa bila kula, sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Dhana: Ngozi ikifunga, kazi imekwisha

Wiki ya tatu, kovu lina karibu asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Ndani, kolajeni huendelea kupangwa upya kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na hata hapo nguvu yake huishia karibu asilimia 80.