Amarilisi iliyobanana chunguni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Ikibanana haitoi maua, kwa hiyo ihamishie chungu kikubwa.

Amarilisi, mmea wa maua unaoota kutoka tunguu linalofanana na kitunguu, hupenda kubanwa. Chungu kikizidi ukubwa, udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji siku nyingi na tunguu huanza kuoza kwenye kitako, yaani sehemu ya chini inayotoa mizizi. Acha vidole viwili, yaani sm 3 hivi, kati ya tunguu na ukingo. Tunguu lenye upana wa sm 8 linatoshwa na chungu cha sm 14. Maua yakikosekana, chunguza kwanza kama majani yalikatwa mapema au kama mmea unanyimwa jua. Hata hivyo, kubanana kuna kikomo. Matunguu yakisukumana hadi yakainuka, chungu kikipasuka, au maji yakiteremka pembeni bila kulowesha udongo, yatenganishe na kuyapanda upya. Mara nyingi hali hiyo hufika baada ya miaka 3 au 4.

Dhana: Kila kitoto kinachochomoza kitengwe mara moja.

Kitoto ni tunguu dogo linaloota ubavuni mwa tunguu mama. Subiri kifike angalau theluthi ya mama na kiwe na mizizi yake. Kikitolewa kikiwa kidogo mno, hudumaa au hufa. Hata kilichokomaa huhitaji miaka 2 hadi 4 kabla ya kuchanua, na hilo si dalili ya kosa lolote.

Kazi ya kugawa ifanywe Januari au Februari, mmea ukiwa umepumzika na mvua za masika hazijaanza. Mwagilia siku moja kabla, pindua chungu, kisha osha udongo kwa maji ili uone mizizi inaelekea wapi. Shika kitoto karibu na kitako ukizungushe taratibu; mara nyingi huachia chenyewe. Kikigoma, kata kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, kila kipande kibaki na sehemu ya kitako na mizizi. Anika vidonda kivulini siku nzima. Kidonda kibichi kikizikwa kwenye udongo wenye unyevu, kuoza ni karibu kuepukika.

Dhana: Punguza mizizi na majani ili mmea uanze upya.

Hili ndilo linaloharibu zaidi. Mizizi minene myeupe huishi miaka mingi na hubeba akiba, na majani mabichi ndiyo yanayoshibisha tunguu kwa ajili ya ua lijalo. Ondoa tu mizizi ya kahawia iliyolegea na majani yaliyokauka yenyewe.

Dhana: Zika tunguu lote, kama kiazi.

Theluthi ya juu, pamoja na shingo, ibaki nje. Shingo ikizikwa, maji hutuama kati ya magamba. Kisumu, kwenye udongo mweusi wa pamba unaoshika maji na kupasuka ukikauka, usiutumie peke yake: changanya sehemu 2 za udongo mwepesi, 1 ya mboji iliyooza vizuri na 1 ya mchanga wa mto. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru hupitisha maji haraka, kwa hiyo mchanga upunguze na mboji uongeze. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mwagilia mara moja baada ya kupanda, kisha kidogo kidogo mpaka jani litokeze.

Dhana: Si kitunguu tu?

Tunguu la amarilisi lina sumu iitwayo laikorini, inayoleta kutapika na kuhara, na utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Vaa glavu, na wakati wa kuanika weka matunguu mbali na kapu la jikoni, na pasipofikiwa na watoto wala mbwa.