Watazamaji laki mbili hawalipi kodi ya chumba

Jamani leo tuelewane, maana wiki haiishi bila mtu kuniambia "kaka we si upo YouTube, watu laki mbili wamekucheki, sasa advansi ya nini?" Mtu anataka nimpigie kwenye send-off ya dada yake Sinza, na gitaa, na mtu wa marimba, na mtu wa ngoma, afu anaona namwonea kwa sababu YouTube ilishanilipa.

Chaneli inatakiwa ifikishe watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo mnaanza kugawana hela ya matangazo kwenye video zako, wao 45 kwa mia we 55, na tangazo analooneshwa mtu wa Tandika ni bei chee ukilinganisha na la mtu wa London. Salio lisipofika dola 100 hawatumi kitu. Wale ndugu zetu wa Marekani tunaojivunia, hela inayotokana na wao kukuangalia inakatwa kodi ya huko 30 kwa mia maana nchi yetu haina mkataba wa kodi na wao. Spotify, ile app ya kusikilizia muziki, tangu 2024 wimbo usiposikilizwa mara 1,000 kwa mwaka hauna hata senti, na sisi wa gitaa kavu tunazo nyimbo kibao zimegota njiani. Tuache hayo.

Hela ya kula inatoka kwenye shoo. Tuseme hoteli ya Masaki imekubali 300,000. Wanakata kodi ya zuio 5 kwa mia (anayekulipa anaikata kabla hujashika hela na kuipeleka TRA), inabaki 285,000 (dai cheti chake, ni chako hicho). Marimba 60,000, ngoma 60,000, Bolt kwenda na kurudi na spika 30,000, umebaki na 135,000 na nyuzi za gitaa hujanunua. Na hapo unapigia karibu na kaunta ya juisi, ukifika kiitikio mtu anaagiza ya parachichi, blenda inawaka, amp inavuma kwa sababu mmechomeka ekstensheni moja. Afu supavaiza anakwambia msosi wa stafu upo, kama vile ndo bonasi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma kuliko vyote, na hapa nawasema wasanii wenzangu. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna rekodi, yaani sauti iliyotoka studio, na kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Yule msambazaji anayekuwekea wimbo Boomplay na Spotify anakuletea hela ya rekodi tu. Hela ya utunzi inapita njia nyingine kabisa, inapitia kwa wakusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumika, na kama hujasajili utunzi wako haikufuati nyumbani. Watu wanadhani wakishapandisha wimbo mtandaoni wamemaliza, wanapost bango "out now" na vimoto vingi, ukimuuliza mtunzi nani anakwambia "si mimi", karatasi iko wapi, hakuna. Prodyuza naye ana lake kichwani, anajua kwa kuwa biti katengeneza yeye na hukumlipa yote basi nusu ya wimbo yake. Inawezekana ni kweli! Inategemea mlikubaliana nini, na nyie mlikubaliana kula chipsi mayai. Andikeni mgao kabla hamjatoka studio, karatasi moja, majina, asilimia, saini, maana utunzi unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, watakaogombana ni watoto wenu.

Ila nisiwadanganye, kusajili sio kulipwa. Tangu sheria ya hakimiliki ibadilishwe 2022 COSOTA, ile ofisi ya serikali ya hakimiliki, imebaki msimamizi na kukusanya ni kazi ya vyama vya wenye haki wenyewe, na mi bado sijui redio ikipiga wimbo wangu saa nane usiku kuna mtu anauandika au la. Mirabaha niliyowahi kupata ni ya kununulia vocha. Nasajili hivohivo, kwa sababu asiyesajiliwa hata wakiamua kumlipa hawana pa kumlipia.

Na kuna jambo sisi wa muziki wa asili tunalikwepa. Ule wimbo wa kutwangia bibi alioimba, nimeongeza beti mbili na gitaa, mtunzi nani? Bongo Fleva hawana shida hii. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda sanaa za jadi, ukitaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila unatakiwa upate kibali BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa. Nimeuliza wenzangu wengi, sijakutana na mwenye hicho kibali, wengine ndo wanakisikia kwangu. Wengi wanajiandika watunzi wa wimbo wote, yaani mtu kazaliwa juzi katunga wimbo ambao bibi yake kaufundishwa na bibi yake. Mi kwenye fomu ya kusajili naandika wimbo wa jadi, mpangilio wangu, beti ya tatu na ya nne zangu, na hela ya hizo beti nadai bila aibu. Kama mgao wangu una kasoro kisheria, mwanasheria wa hakimiliki aje anielekeze, ila asiniletee ankara.