Je, wajua kwa nini mwenye redio ya ridhaa hushinda juani bila kulipwa?

Mwaka juzi mtaani kwetu Bamburi, Mombasa, palikuwa na mbio za kilomita 10 za kuchangisha pesa za madarasa. Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka meza ya maji, alikaa jirani yetu mmoja, mtu mzima, redio ndogo ya kuzungumzia mkononi na daftari mapajani. Alifika kabla ya jua kuchomoza, na saa tano alikuwa bado yupo. Binti yangu wa miaka minane akaniuliza, "Baba, yule analipwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono tukamwendea.

"Shikamoo, mzee wangu. Huyu binti ana swali."

"Marahaba. Niulize, mama."

Akauliza. Mzee akatabasamu. "Silipwi, mama. Na siku nikilipwa kwa kazi hii, nitakuwa nimeivunja leseni yangu."

Nilidhani anamfurahisha mtoto, kumbe ndivyo sheria inavyosema. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinaieleza huduma hii ya redio kuwa ni ya kujifunza, kuzungumza na kuchunguza ufundi wa redio, na ni ya watu wenye idhini wanaoipenda redio kwa nafsi zao, bila maslahi ya pesa. Kiswahili chetu kina neno linaloingia hapo kama pete na kidole: ridhaa. Tunasema bondia wa ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Hachezi vibaya kuliko wa kulipwa, ila amekuja kwa radhi yake. Basi na hii ni redio ya ridhaa, kwa Kiingereza amateur radio.

Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na wenye leseni wana chama chao, Amateur Radio Society of Kenya. Kila mmoja hupewa alama ya kuitwa hewani, nayo kwa kawaida huanza na 5Z4. Mtu wa Japani au Brazili akiisikia hiyo 5Z4 anajua papo hapo kwamba anazungumza na Kenya, kama ambavyo 5H humwambia ni Tanzania na 5X ni Uganda. Zile redio ndogo za mkononi zinauzwa madukani kwa bei nafuu, na wengi hudhani kuzinunua kunatosha. Kurusha sauti bila leseni ni kosa.

Lakini kutolipwa hakuelezi kwa nini mtu aache usingizi wake wa Jumapili. Tuanze na mbio zenyewe.

Simu ni mazungumzo ya watu wawili. Msimamizi akitaka kuviarifu vituo 12 vya maji kwamba barabara imefungwa, itambidi apige simu 12, na wa mwisho atapata habari wakati wakimbiaji wameshapotea njia. Kwa redio anasema mara moja, vituo vyote 12 vinasikia, gari la wagonjwa linasikia, na aliye mstari wa mwisho anasikia. Tena simu hutegemea mnara, na mnara una kiasi chake. Aliyewahi kusimama ufukweni Mama Ngina usiku wa mkesha wa mwaka mpya anajua: vijiti vya mtandao vimejaa kwenye kioo, lakini simu haitoki. Mnara mzima, umeme upo, watu ndio wamezidi.

Na mbio za Mombasa zina adui wake, joto. Tarehe 24 Machi 2007 mji huu ulikuwa mwenyeji wa mbio za nyika za dunia, pale uwanja wa gofu. Joto lilipita nyuzi 30 na unyevu wa bahari ukazidisha mambo. Wakimbiaji wengi waliacha njiani, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliyekuwa akitawala mbio hizo kwa miaka, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa mabingwa wa dunia walilemewa, fikiria mama wa ofisini anayekimbia kwa ajili ya hisani. Anapoanguka, dakika tano za kutafuta mtandao ni nyingi mno.

Kwenye mbio za Boston, Marekani, wenye redio za ridhaa hujipanga kwa mamia njia nzima, hasa kwenye mahema ya matibabu. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia. Simu zikazidiwa kwa muda mfupi sana, kila mtu akimtafuta wa kwao. Waliokuwa na redio walikuwa tayari wamesimama mahali pao, wanajua nani yuko wapi, na wakaendelea kupeleka habari za maelfu ya wakimbiaji waliosimamishwa njiani. Walikuja kuhesabu wakimbiaji, dharura ikawakuta kazini.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa mwarobaini. Mbio ni mazoezi. Kuna mambo hayafundishiki siku ya mafuriko. La kwanza ni kunyamaza. Hewani anakuwepo msimamizi mmoja, na hakuna anayesema mpaka aitwe, isipokuwa mwenye dharura. Watu 12 wakibonyeza kitufe pamoja hakuna atakayesikika. La pili ni kutamka. Mwanaidi na Mwanaisha, kwenye sauti iliyokwaruzwa na upepo, huwa mtu mmoja, kwa hiyo jina hutajwa herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, ambayo kila herufi ina neno lake: Mike, Whiskey, Alfa, November. La tatu ni kuandika ujumbe kama ulivyo. Kuna utaratibu wa zamani ambao ninaupenda sana: ujumbe huandikwa pamoja na idadi ya maneno yake, na anayepokea huyahesabu. Yakitofautiana, unarudiwa. Kwa njia hiyo, "magunia sitini na sita ya unga" haifiki kwa mpokeaji ikiwa "magunia sitini ya unga".

La nne ni staha. Mawasiliano haya hayaruhusiwi kufichwa kwa maneno ya siri, na mtu yeyote mwenye redio anaweza kusikiliza. Kwa hiyo aliyezimia hatajwi jina, inatajwa namba ya kifuani. Mzee alimwonyesha binti yangu daftari lake: namba na saa, namba na saa, ukurasa mzima.

Sasa siku yenyewe ya dharura. Mombasa ndio mlango wa intaneti wa Afrika Mashariki. Nyaya za chini ya bahari kama TEAMS, SEACOM na EASSy zinatua hapa, na kwa sababu hiyo tunaona karibu jinsi zilivyo dhaifu. Tarehe 25 Februari 2012 meli moja iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kasi ikashuka hadi huku kwetu. Umeme nao: tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani. Minara ya simu ina betri na jenereta, lakini betri huisha, na dizeli hufika kwa barabara, na barabara zetu za kuingia kisiwani zinahesabika kwa vidole.

Simu yako, kwa hiyo, ni mnyororo mrefu: mnara, umeme, waya, kompyuta za kampuni, mnara wa upande wa pili. Pete moja ikikatika, basi. Redio ya ridhaa haina mnyororo. Kuna redio yangu, redio yako, na hewa iliyo katikati.

Redio ndogo ya mkononi, yenye masafa ya megahezi 144 hadi 146, huenda kwa mstari ulionyooka kama macho. Kutoka Nyali hadi Likoni inaweza kufika, lakini ghorofa likiingia kati inafifia. Ndiyo maana huhitajika kituo cha kurudishia sauti mahali pa juu, na kwa pwani hii tambarare mtu hutazama milima ya Shimba au mwinuko wa Mazeras.

Kwa mbali zaidi hutumika masafa mafupi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Waliokuwa wakisikiliza idhaa ya Kiswahili ya BBC zamani, wakizungusha kitasa mpaka London itoke kwenye mikwaruzo, walikuwa wakitumia kioo cha angani bila kujua. Mamia ya kilomita juu yetu kuna tabaka la hewa, ionosfia, lililochajiwa na jua, ambalo huyarudisha mawimbi hayo chini. Ukitundika waya chini chini, mita tano au sita kutoka ardhini, wimbi hupanda karibu wima na kurudi kama mvua juu ya eneo lote linalokuzunguka. Lamu iko kilomita 240 hivi kutoka hapa, Nairobi 440, na kote huko sauti inaweza kunyesha bila mnara hata mmoja. Mchana hutumika masafa ya karibu megahezi 7. Usiku jua likishaondoka, tabaka hupungua nguvu, na watu hushuka hadi 3.7.

Waya wenyewe? Kwa megahezi 7 unahitaji karibu mita 20, mita 10 kila mkono, na waya wa kutoka redioni huungwa katikati. Hapa pwani Mungu ametupa milingoti bure. Minazi miwili na kamba ya nailoni, na antena imesimama. Adui ni chumvi: viungio vya shaba hugeuka kijani kwa miezi michache, kwa hiyo hufunikwa kwa mpira na kukaguliwa kila kusi na kaskazi.

Mfano unaonigusa zaidi ulitokea ng'ambo ya bahari yetu hii. Desemba 2004 kundi la wapenda redio wa India lilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, mahali ambapo sauti ya redio ya ridhaa ilikuwa haijasikika kwa miaka mingi. Walikwenda kwa raha zao, kuzungumza na dunia. Tarehe 26 tetemeko likapiga, tsunami ikafuata, simu zikakatika. Waliacha raha wakaanza kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao bara. Wimbi lilelile lilivuka bahari na kufika pwani ya Kenya baadaye siku hiyo, ambapo watu waliondolewa ufukweni.

Nilimuuliza mzee betri yake ingedumu muda gani. Alinipigia hesabu kwenye daftari. Redio kubwa ya wati 100 hula kama ampea 1 ikisikiliza na 20 ikirusha. Ukisema dakika 6 katika kila saa, ni wastani wa ampea 3 hivi. Betri ya gari ya ampea-saa 60, ukiitumia nusu tu isife, inakupa saa 10. "Ndiyo sababu," akasema, "tunasikiliza sana na kusema kidogo." Kisha redio ikaita alama yake. Akainua kidole tunyamaze, akaandika namba na saa, akajibu kwa maneno mawili. Mkimbiaji wa mwisho alikuwa amepita kituo cha tano.