Jeni moja inamjua mama wa samaki tu

Niliwekewa mezani vichupa 20, ndani ya kila kimoja kifaranga wa perege asiyezidi ukucha wa kidole gumba. Wote wametoka bwawa moja. Rangi bado haijatulia, miiba ya pezi la mgongoni huioni bila darubini, na aliyewaleta anataka jibu moja: ni spishi gani hawa? Kwa macho nisingethubutu kujibu. Perege wachanga wanafanana hadi wanachosha.

Kwa hiyo nikaanza kukata. Kipande cha pezi kidogo kuliko punje ya mchele kinatosha, nami hukikata upande wa kulia ili ubavu wa kushoto ubaki mzima kwa picha. Kinaingia kwenye ethanoli ya asilimia 95. Koleo na mkasi navifuta na kuvipitisha motoni kabla ya kumgusa samaki anayefuata, maana ute kidogo tu ukihama, mashine itanakili vinasaba vyake pamoja na vile nilivyokusudia. Na tafadhali, anayekusanya samaki asiwatie kwenye formalini kabla ya kukata hicho kipande. Formalini inatunza umbo vizuri sana, lakini inavibananisha vinasaba na protini na kuvivunja vipande vipande. Nimepokea mitungi ya samaki wazuri kabisa, nikashindwa kupata humo hata mfuatano mmoja wa herufi za vinasaba unaosomeka.

Jeni tunayoanza nayo karibu sote ni COI, iliyomo ndani ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande chake cha besi (herufi za vinasaba) 650 hivi kiwe msimbopau wa kutambulisha wanyama. Waliichagua kwa sababu nzuri. Seli moja ina nakala za mitokondria kwa mamia au maelfu, kwa hiyo hata sampuli iliyochakaa huweza kutoa kitu. Tena jeni hii inaunda protini ambayo mnyama hawezi kuishi bila hiyo, hivyo sehemu kubwa ya protini haibadiliki. Lakini herufi ya tatu ya kodoni, yaani kundi la herufi tatu, mara nyingi hubadilika bila kuidhuru, na hapo ndipo tofauti za spishi hujikusanya.

Mashine ya PCR, inayonakili vinasaba, inapasha joto hadi nyuzi 95, inashuka karibu na 50, inapanda 72, mara 35 hivi, na karibu kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Kisha tunausoma mfuatano na kuulinganisha na rekodi za BOLD au GenBank, hifadhi za mtandaoni za mifuatano ya vinasaba. Hapa watu huharakisha. Ukiona asilimia 99, umepata rekodi inayofanana na yako, basi. Jina lililoandikwa juu yake alilitoa mtu, na lazima uulize alimtambua samaki wake kwa lipi, na kama mwili wake umehifadhiwa mahali ukaguliwe upya.

Vifaranga wangu wote 20 walitoa jina moja: Oreochromis mossambicus, perege wa Msumbiji. Ningeweza kuishia hapo. Ila mitokondria hurithiwa kwa mama, na perege wa spishi tofauti huzaliana, watoto wao nao wakazaa. Jike la mossambicus likizaa na dume la sato, yaani Oreochromis niloticus, mtoto atasomeka mossambicus mtupu. Mashine haijakosea na rekodi haijakosea. Baba tu hajaulizwa.

Nikaenda kwenye jeni za kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili. Kwenye grafu ya COI kila herufi ilikuwa na kilele kimoja kilichosimama peke yake. Kwenye jeni za kiini, samaki sita walionyesha vilele viwili juu ya nafasi moja, chekundu na cha kijani vimelaliana, pale hasa spishi hizo mbili zinapotofautiana. Chotara wa kizazi cha kwanza huonyesha hivyo kila nafasi ya namna hiyo. Akirudi kuzaa na spishi ya mzazi mmoja, kwa wastani nusu ya nafasi hizo hufutika, na kizazi kinachofuata nusu tena. Ndiyo maana jeni moja mbili za kiini hazitoshi. Kumfuatilia chotara wa vizazi vya mbali kunataka alama mamia, yaani nafasi za vinasaba zinazotofautisha spishi.

Kwa furu wa Ziwa Victoria hali ni ngumu zaidi. Mamia ya spishi zimechipuka ndani ya miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena, na COI yao mara nyingi ni ile ile. Huko tunasoma jinomu nzima, yaani vinasaba vyote vya samaki, na bado rangi ya dume na umbo la meno vina neno la kusema. Wanaochuja maji kutafuta vinasaba vilivyodondoka humo nao wajihadhari: vianzishi vya MiFish vya mwaka 2015, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoionyesha mashine pa kunakili, husoma besi 170 hivi za jeni ya 12S, na hiyo pia ni ya mitokondria.

Kwenye ripoti niliandika kwamba ukoo wa mama kwa wote 20 ni mossambicus, na sita ni chotara wenye damu ya sato. Kumi na wanne waliobaki nimeandika tu kwamba hawakuonyesha mchanganyiko kwenye alama nilizotumia. Miili yao yote iko kabatini, kila mmoja na namba yake na ubavu wake wa kushoto mzima.