Kesi ndogo ya zamani Marekani: miaka saba haifuti kitu

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani, maneno haya husikika sana: "Kaa kimya miaka saba, kesi itajifuta yenyewe." Haijifuti.

Hiyo saba imetoka kwenye sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayobana kampuni zinazochunguza historia ya waombaji kazi. Kwa kawaida haziruhusiwi kuripoti kukamatwa kulikopita miaka saba kama hukutiwa hatiani. Kutiwa hatiani, hata kwa kosa dogo, sheria hiyo sasa haiwekei kikomo, ingawa baadhi ya majimbo yameweka. Na jalada la mahakama halijaguswa kabisa. Hata kesi iliyotupwa hubaki pale, kosa upande mmoja, "imetupwa" upande wa pili, na mwajiri mwenye haraka husoma upande wa kwanza tu.

Kinacholiondoa ni ombi kwa mahakama iliyosikiliza kesi, ili rekodi ifutwe au ifungwe, yaani isionekane na umma. Masharti hutofautiana kwa jimbo. Pennsylvania ilitangulia mwaka 2018 kupitisha sheria ya kufunga baadhi ya rekodi bila mtu kuomba, lakini hata huko hakikisha kwa macho yako.

Kwa asiye raia kuna mtego: uhamiaji bado huuliza kesi ambayo rekodi yake imefutwa, na hukumu iliyofutwa hivyo mara nyingi bado huhesabiwa. Zungumza na wakili wa uhamiaji kwanza. Chukua nakala zenye mhuri wa mahakama kabla jalada halijafungwa. Baadaye kuzipata ni kazi.