Stensili Haitobolewi: Dhana Potofu za Wanaoandaa Stensili kwa Mkono

Juma lililopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea hapa Kariakoo stensili ya mtihani ambayo alikesha akiiandika, na nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha niliona kwamba sehemu za ndani za herufi o na a zilikuwa zimedondoka karibu zote. Nilipomuuliza sababu, alinipa jibu lile lile ninalopewa na karibu kila anayeleta kazi ya kudurufu: alikandamiza kwa nguvu ili wino upate kupita.

Dhana hii imeharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote ninazozijua. Stensili ni karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, ambayo kwa asili ilitengenezwa kwa gamba la kozo, mti wa Japani wa jamii ya mforosadi, kisha ikapakwa nta au utando mwingine usiopitisha wino. Kazi ya kalamu ni kuusogeza utando huo pembeni na kuziacha nyuzi zikiwa wazi, wala si kuzikata. Wino ulio ndani ya silinda ya mashine ya kudurufu hupenya katikati ya nyuzi hizo, na ni nyuzi hizo hizo zinazoishikilia sehemu ya ndani ya herufi o isianguke. Ukizikata, unapata doa jeusi mahali pa herufi, na mpasuko wenyewe huendelea kutanuka kadiri silinda inavyozunguka, hata nakala za mwisho zisisomeke kabisa.

Nakiri kwamba kulikuwa na chombo kilichotoboa kweli: kalamu ya umeme ya Thomas Edison, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1876, ilikuwa na sindano iliyodunga karatasi matundu madogo madogo. Stensili zetu si za namna hiyo. Weka bao laini la plastiki chini ya stensili, shika kalamu yenye ncha ya mviringo ikiwa imesimama kuliko unavyoshika peni, kisha pitisha mkono taratibu kwa uzito ule ule tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Jaribu kwanza pembezoni, nje ya mipaka ya kuchapia. Ukiinua karatasi na kuuona mstari unang'aa bila kupasuka, umefika. Ukiwa hafifu, urudie kwa wepesi, kwa kuwa mipito miwili myepesi ni salama kuliko mmoja mzito. Mistari inapokatana, kama katika herufi x au katika jedwali, punguza uzito zaidi, maana hapo nta imekwisha kuondoka. Peni iliyokwisha wino hufaa wakati wa dharura, lakini mimi humsihi kila mtu anunue kalamu yake ya stensili na asimwazime mwingine.

Wapo wanaoandika kinyume, kama wachongavyo wachonga mihuri. Hakuna haja hiyo, kwa sababu stensili hufungwa kwenye silinda uso ukielekea chini na maandishi hutoka sawasawa kwenye karatasi.

Wanaotumia taipu hudhani kwamba utepe husaidia. Utepe huzuia chuma cha herufi kisifike kwenye nta, kwa hiyo uondoe kwa kuweka swichi ya utepe kwenye alama nyeupe, na usafishe herufi kwa brashi kabla ya kuanza. Nukta na mkato zigongwe polepole, kwani hizo ndizo hutoboa upesi.

Kuhusu dawa ya kusahihishia, kosa si kuitumia bali ni kuipaka kabla ya kuitenganisha stensili na karatasi ya nyuma inayoibeba. Ingiza penseli katikati ya hizo mbili, paka mara moja tu na kwa wembamba, ngoja ikauke, ndipo uandike tena juu yake.

Mwisho, stensili haitupwi baada ya matumizi ya kwanza. Ratiba ya kwaya inayohitajika tena mwezi ujao ikaushwe wino kwa gazeti kuukuu, ilazwe ndani ya gazeti jingine mbali na jua la dirishani, na jina la kazi liandikwe kwa nje, kwa kuwa stensili iliyokwisha kulowa wino haisomeki kwa kuitazama.